Mzee wa miaka 74 anapokaa kuchorwa: dirisha, kiti na saa ileile

Swali: "Baba yangu ni mstaafu, ana miaka 74, tunaishi Kisasa hapa Dodoma. Desemba yeye na mama wanatimiza miaka 50 ya ndoa, na sisi watoto tumechanga ili achorwe picha kubwa ya rangi ya mafuta, itundikwe sebuleni. Sasa tuko mwishoni mwa Julai. Mchoraji tuliyempata anataka mzee aende studio mara 6. Kaka zangu wanaona huo ni usumbufu, wanasema apewe picha ya simu amalizie hapohapo. Mzee ana sukari, anavaa miwani, na akikaa sana miguu inavimba. Avae suti au mgolole wake? Halafu nimesoma kwamba chumba cha mchoraji lazima kiwe na dirisha la kaskazini. La huyu linatazama kusini. Niwe na wasiwasi?"

Jibu:

Dada, tuanze na dirisha, maana ndilo jambo ambalo ungeweza kumkosesha mchoraji mzuri kazi bila sababu. Ushauri wa dirisha la kaskazini ni wa Ulaya. Kule jua la mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini karibu halioni jua moja kwa moja; linapata mwanga wa anga tu, uliotulia. Sisi Dodoma tuko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta, na hesabu inageuka. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi wiki ya kwanza ya Oktoba, jua la saa 6 mchana linapita kaskazini yetu, na mwezi Juni linainama karibu nyuzi 30 kutoka utosini. Miezi hiyo dirisha la kaskazini ndilo linalopigwa na jua, na la kusini ndilo linalotoa ule mwanga unaotafutwa na wachoraji. Oktoba jua linavuka kuja upande wa kusini, lakini hata Desemba halizidi nyuzi 17 hivi kutoka utosini, kwa hiyo mchana bati la baraza linalizuia. Lingesumbua asubuhi mapema na jioni, linapokuja limelala. Kazi yenu ikianza Agosti na kwisha Septemba, dirisha la huyo mchoraji liko pale linapotakiwa.

Kwa nini jua la moja kwa moja ni tatizo? Kwa sababu linatembea nyuzi 15 kila saa. Kivuli cha pua kilichochorwa saa 3 asubuhi, saa 4 hakipo tena pale. Kimesogea, kimekuwa kifupi, kimebadilika umbo. Mchoraji asiye makini hukifuata kivuli badala ya kumfuata mtu, na mwisho wa wiki ya pili picha ina pua yenye vivuli viwili visivyokubaliana. Mwanga wa anga nao hubadilika, ila polepole, na ukirudi kesho saa ileile unaukuta karibu ulivyouacha.

Hiyo "saa ileile" ndiyo ningependa uiandike kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji. Mkichagua saa 3 asubuhi, basi iwe saa 3 vikao vyote 6. Kwa mji wetu saa 3 hadi saa 5 na nusu ndiyo nzuri: mzee hajachoka, na upepo wa kiangazi haujaanza kurusha vumbi. Rangi ya mafuta iliyo mbichi hunasa vumbi kama gundi, na vumbi letu jekundu likishakaa kwenye rangi nyeupe ya kola haliondoki bila kukwangua.

Ukifika studio mara ya kwanza, angalia kitu kimoja: je, sehemu ya chini ya dirisha imezibwa? Mchoraji anayejua kazi huziba kwa kadibodi au kitambaa cheusi hadi kimo cha mita 1.2 au 1.5 kutoka sakafuni, ili mwanga umwangukie mtu kutoka juu kwa pembeni. Dirisha likiachwa wazi hadi chini, ardhi nyekundu ya nje inarudisha mwanga wake ndani. Mwanga huo unapanda na kupaka wekundu chini ya kidevu, chini ya pua na kwenye kope za juu, yaani palepale ambapo kivuli kilitakiwa kuonyesha umbo la uso. Watu huangalia picha ya namna hiyo wakasema "kuna kitu hakijakaa sawa", wasijue ni uwanja usio na majani.

Siku ya mawingu mazito isiharibu ratiba. Taa mbili za LED za mwanga mweupe wa Kelvini 5,000 hivi, zenye kipimo cha uaminifu wa rangi cha 90 au zaidi (hicho huandikwa kwenye boksi kwa herufi CRI), zikielekezwa kwenye shuka jeupe la pamba karibu na dirisha, zinatosha kusaidia. Balbu ya njano ya kawaida isichanganywe na mwanga wa dirisha. Shavu moja litakuwa la machungwa na la pili la bluu.

Sasa kaka zako. Picha ya simu ina kazi yake, na mchoraji wenu bila shaka atapiga nyingi. Lakini simu iliyo karibu na uso hukuza pua na kuyasukuma masikio nyuma. Ndiyo maana mtu akijipiga mwenyewe anaonekana na uso mwembamba usio wake. Halafu kamera hujiamulia kiasi cha mwanga. Mpige mzee mwenye ngozi nyeusi akiwa amesimama mbele ya ukuta mweupe, simu itaupima ukuta, na uso utabaki bonge la giza lisilo na paji wala shavu. Mchoraji akinakili hapo, ananakili makosa. Kama picha lazima zipigwe, mpigaji asimame mita 2 au 3 kutoka kwa mzee, avute kwa zumu, na aguse uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Zitafaa kwa nguo, kiti, mikono na mikunjo. Uso uchorwe mtu akiwa amekaa. Mara 6 si nyingi. Vikao vya saa 2, ukitoa mapumziko, vinampa mchoraji kama saa 10 tu za kumtazama baba yako. Afya ikigoma, 4 zinawezekana. Chini ya hapo mnanunua picha ya kunakili kwa bei ya picha ya kukaliwa.

Usikubali pia ile hoja ya katikati, kwamba vikao viwili vifanyike studio na vingine mchoraji aje nyumbani. Dirisha la sebule yenu si dirisha la studio. Kama miguu ya mzee haimruhusu kusafiri, basi vyote 6 vifanyike nyumbani, chumba kimoja, kiti kimoja. Na hapo mwambie mchoraji matambara yenye mafuta ya kitani, yale yanayosagiwa rangi, asiyakunje na kuyatupa kwenye ndoo ya takataka: mafuta hayo yakikutana na hewa huzalisha joto, na tambara lililofinyangwa linaweza kuwaka lenyewe. Yalowekwe kwenye kopo la maji au yatandazwe nje.

Kikao cha kwanza hakina rangi. Mchoraji atamjaribu mzee kwenye viti viwili vitatu, atachora michoro midogo kwa mkaa au penseli, atapiga picha, kisha mkao ukishapatikana ataweka alama za chaki au tepu sakafuni kwenye miguu yote 4 ya kiti na kuzunguka viatu. Alama hizo zisifutwe na mfagiaji. Kiti kizuri kwa mzee ni chenye mikono, kalio lake sentimita 45 hivi kutoka chini, mgongo ulionyooka na mto mdogo kiunoni. Kochi halifai, linammeza mtu mabega. Mara nyingi kiti huwekwa juu ya jukwaa la sentimita 30 hadi 40, ili macho ya mzee yawe usawa wa macho ya mchoraji anayefanya kazi amesimama. Bila jukwaa picha itamtazama mzee kutoka juu, na baba mwenye nyumba aliyetazamwa kutoka juu hapendezi ukutani. Muulize kama jukwaa ni imara na lina ngazi ya kukanyagia.

Kuna kosa moja hufanyika hata na watu wenye uzoefu. Mtu akiambiwa "kaa vizuri" hunyanyua kifua, hunyoosha shingo, hukaza midomo. Baada ya dakika 10 mwili unashuka: mabega yanalegea, kichwa kinazama sentimita 2 au 3, kidevu kinarudi ndani. Mchoro ulioanza dakika ya kwanza sasa haulingani na mtu aliyepo. Kwa hiyo kila kikao mzee akae kwanza dakika 10 mkipiga soga, ashuke anakoshukia, ndipo mkaa uguse kanvasi. Kile alichoshukia ndicho mkao wake wa kweli.

Kwa miguu inayovimba, mzunguko uwe dakika 20 hadi 25 za kukaa, kisha 5 hadi 10 za kunyanyuka na kutembea uani, siyo kunyoosha miguu palepale kitini. Mizunguko 4 inatosha kwa siku. Asipandishe mguu juu ya mguu hata kama anapenda kukaa hivyo. Ganzi itamfika kabla ya dakika 15. Kuhusu sukari, mlo na dawa vibaki kwenye saa zake za kila siku, kikao ndicho kipangwe kuzunguka mlo. Kuwe na maji, na kitu cha kula haraka mfukoni mwako endapo atatokwa jasho au kutetemeka. Kama ana pumu au kifua, mwambie mchoraji mapema apunguze tapentaini au atumie kiyeyusho kisicho na harufu kali, na dirisha lifunguliwe kiasi.

Wewe unayemsindikiza, kaa nyuma ya mchoraji, karibu na pale mzee anapotakiwa kutazama. Ukikaa pembeni atakugeukia kila ukisema neno. Mazungumzo ni mazuri, maana mzee aliyenyamazishwa husinzia na kope kushuka, na macho ndiyo yanayobeba picha. Siku ya kuchora mdomo tu ndiyo mtanyamaza, na mchoraji atawaambia. Simu ziwe kimya. Na tafadhali, mwisho wa kikao cha tatu usipige picha ya kazi ukairusha kwenye kundi la familia. Hatua hiyo uso huwa na mabaka makubwa ya kahawia na kijivu yasiyounganishwa, kama mtu aliyeungua. Ni hatua ya lazima: kwanza yanapangwa maeneo makubwa ya mwanga na kivuli, ndipo pua na macho yaingie humo. Maoni ya wajomba 14 kuhusu picha ambayo haijafika nusu hayajawahi kumsaidia mchoraji yeyote.

Mikono ina kikao chake peke yake. Mzee akiwa na fimbo una bahati, fimbo huipa mikono kazi: isimame kati ya magoti, mkono mmoja juu ya mwingine. Angalia mishipa. Mkono unaoning'inia hujaa damu na mishipa husimama. Ukiinuliwa juu ya fimbo, baada ya dakika chache mishipa inazama. Mchoraji aliyeanza na mishipa iliyosimama akamalizia na iliyozama anatoa mkono wa watu wawili. Pete na saa viwe vilevile kila siku, au visiwepo kabisa.

Suti au mgolole? Kwa maoni yangu avae kile ambacho mwili wake umekizoea. Suti mpya iliyoshonwa kwa ajili ya picha hukaa kama ubao mabegani, na kola ya shati kwa mzee aliyepungua huacha nafasi shingoni ambayo mchoraji hana namna ya kuificha isipokuwa kwa kudanganya. Kama suti ndiyo anayovaa kila Jumapili, avae hiyohiyo, shati la rangi ya maziwa badala ya jeupe lililokolea bluu ya kufulia, na kitambaa kisicho na mistari myembamba. Suti ya Kaunda ni chaguo ambalo watu hulisahau, nayo huchoreka vizuri mno: haina tai, shingo iko wazi, mistari yake ni michache.

Mgolole una uzuri wake, na una gharama yake. Kila ukivaliwa mikunjo huanguka upya. Ukichaguliwa, siku ya kwanza ukishapangwa begani ushikwe kwa pini kwa ndani, upigwe picha mbele na pembeni, kisha baada ya kikao uvuliwe kwa uangalifu na kuvishwa sanamu kama lile la dukani kwa fundi cherehani, ubaki studio. Mchoraji atauchora siku ambazo mzee yuko nyumbani amepumzika, na hilo pekee linaweza kumwokolea mzee kikao kizima. Ujue tu kwamba kitambaa chekundu karibu na taya hurusha wekundu kwenye ngozi. Mchoraji mwenye jicho huitumia hali hiyo. Asiye nalo hushangaa uso umekuwaje.

Miwani msiivue kama kila mtu anamjua nayo. Shida ni vioo vyake: vinaakisi dirisha, na kama ni vya nguvu vinasogeza ukingo wa shavu ndani ya kioo usilingane na ukingo ulio nje. Nendeni kwa fundi wa miwani mkaombe fremu inayofanana, isiyo na vioo, au atoe vya fremu ya zamani. Mzee akae nayo tupu. Mchoraji ataongeza mng'ao mdogo mahali anapotaka yeye.

Nywele na ndevu zikatwe siku 4 au 5 kabla ya kikao cha kwanza, kisha kinyozi awe anarudia urefu uleule kila wiki. Piko marufuku hadi picha iishe. Ngozi nayo ina mtego wake huku kwetu. Agosti hewa ni kavu, mtu asiyejipaka hupauka, na ngozi iliyopauka huonekana ya kijivu kwenye kanvasi. Akijipaka mafuta mengi dakika chache kabla ya kukaa, paji la uso linakuwa kioo: unaona dirisha limejichora pale, na mifupa ya paji imepotea chini ya mng'ao. Apake kidogo saa 1 kabla, kisha afute kwa tishu paji, pua na mashavu. Mafuta yawe yaleyale siku zote.

Hapo tumefika kwenye ngozi yenyewe, na ndipo utakapompima mchoraji wenu. Ngozi nyeusi haichorwi kwa kuongeza nyeusi kwenye kivuli na nyeupe kwenye mwanga. Matokeo yake ni uso wa majivu. Tazama paji la baba yako karibu na dirisha la mwanga wa anga. Mahali panapong'aa kabisa kuna ubluu, kwa sababu panaakisi anga. Pembeni yake kuna kahawia nyekundu, hapo ngozi inaonyesha rangi yake halisi. Kivulini ni kahawia nzito yenye joto. Kwenye kibao chake utarajie kuona kahawia za udongo, za aina mbili au tatu, bluu nzito, manjano ya udongo na nyekundu, na nyeusi kidogo ikiwepo. Udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, jamii ya rangi nyekundu unazoziona kwenye michoro ya majabali ya Kolo kule Kondoa, bado unauzwa kwenye tyubu za wachoraji hadi leo, na hakuna uso wa Kiafrika unaochorwa vizuri bila jamaa zake. Usuli wa picha usiwe ukuta mweupe wala giza totoro. Kitambaa cha kijivu au kijani cha majani makavu, kinachozidi kwa weupe kidogo upande wa kivuli wa uso, kinautenga uso bila kupiga kelele.

Macho ya wazee huwa na vitu viwili ambavyo watoto huomba vifutwe. Sehemu nyeupe ya jicho si nyeupe, ina unjano na ukahawia. Ikichorwa nyeupe tupu mzee ataonekana ameshtuliwa usingizini. Na wengi wa umri wake wana duara la bluu ya kijivu kuzunguka ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho. Kama baba yako analo, liacheni. Likifutwa, mtakaa miezi mkijiuliza mbona anafanana na mdogo wake.

Kabla hamjalipa, hakikisheni mnaongea lugha moja kuhusu "rangi ya mafuta". Dukani kwa vifaa vya ujenzi jina hilo ni la rangi ya kopo ya milango na madirisha. Rangi hiyo imewahi kutumika kwa sanaa, na michoro ya Tingatinga ilikua juu yake, ikipakwa kwenye hadibodi. Kwa michoro ile yenye mistari na rangi bapa ilifaa na inafaa. Kwa uso unaohitaji tabaka laini zinazopishana haifai, hukauka haraka na hugeuka njano. Mnayoitaka ni rangi ya wachoraji ya tyubu, iliyosagwa kwa mafuta ya kitani, juu ya kanvasi iliyopakwa rangi ya msingi. Mchoraji akisema anatumia akriliki si dhambi, ila kwa hewa yetu kavu akriliki hukauka dakika chache, na kuunganisha kivuli na mwanga wa shavu kunakuwa mbio.

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka kama nguo kwenye kamba. Mafuta hukutana na hewa na kugeuka kuwa ngozi ngumu, polepole. Tabaka jembamba la kahawia hushikika baada ya siku 1 au 2. Nyeupe nene inaweza kuchukua wiki na zaidi. Sheria yao ni kwamba tabaka za chini ziwe na mafuta machache na za juu ziwe na mafuta zaidi, la sivyo ya juu hukauka kwanza, ya chini inaendelea kusogea, na picha hupasuka. Kwa hiyo msimsukume amalize wiki mbili. Ningepanga vikao 3 vya kwanza ndani ya siku 10, tuseme Jumanne, Ijumaa na Jumanne, kisha kimoja kwa wiki. Mkianza wiki ya kwanza ya Agosti mtamaliza mapema Septemba, na mchoraji atabaki na wiki kadhaa za kurekebisha kabla jua halijahamia dirisha lake. Desemba picha itakuwa ngumu ya kutosha kutundikwa, ikiwa na vanishi nyepesi ya muda. Vanishi ya mwisho inasubiri miezi 6 hadi 12 baada ya mkono wa mwisho.

Ukubwa: kwa kichwa, mabega na mikono juu ya fimbo, sentimita 75 kwa 90 zinatosha sebule ya kawaida. Kichwa kiwe kidogo kuliko cha kweli, sentimita 18 hadi 20 toka utosi hadi kidevu. Kikichorwa kwa kipimo chake halisi, ukutani huonekana kikubwa kupita mwenyewe.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja: ukubwa, idadi ya vikao, mikono imo au haimo, fremu ni ya nani, tarehe ya kukabidhi. Malipo yagawanywe mara tatu, la kwanza kabla ya kanvasi kununuliwa, la pili baada ya kikao cha tatu, la mwisho siku ya kuchukua. Andikeni pia nani ana ruhusa ya kuichapisha kwenye fulana, kalenda au ukurasa wa mchoraji mtandaoni. Na andikeni itakuwaje msipoipenda, mfano marekebisho ya vikao 2 bila malipo, yakiamuliwa na watu wawili tu wa familia. Mwaka 1954 wabunge wa Uingereza walimzawadia waziri mkuu wao, Winston Churchill, picha yake iliyochorwa na Graham Sutherland, kwa kutimiza miaka 80. Mzee yule aliichukia, na baadaye ikaharibiwa kwa matakwa ya mkewe. Mama yako aione picha baada ya kikao cha tano, yeye peke yake, kukiwa bado na nafasi ya kugusa mdomo. Malalamiko mengi huishia hapo mdomoni, kwenye pembe zake mbili, na marekebisho ya milimita 1 huweza kumrudisha mtu.

Siku ya kuichukua, msiifunge kwa nailoni inayogusa rangi. Isimame wima garini, kadibodi ikae mbele bila kugusana nayo, na isiachwe kwenye gari juani. Nyumbani itundikwe ukuta wa ndani usiopigwa na jua la jioni, mbali na mlango wa jikoni. Nyuma yake mchoraji apigilie ubao mwembamba au kadibodi ngumu, kuzuia vumbi na mijusi. Vumbi la mbele lifutwe kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji na sabuni kisiikaribie kabisa. Ikiwa siku moja itahamia kwa ndugu wa Tanga, kanvasi inaweza kulegea kwa unyevu wa pwani: kwenye pembe za fremu ya ndani kuna kabari ndogo za mbao, zigongwe taratibu kwa nyundo ndogo, moja moja, hadi ikaze tena.